Wafundishwe Kuhesabu: Vijana wa Kisumu na Elimu ya Uchaguzi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Pengine hapana mahali ambapo methali hii ingeeleweka upesi kuliko Kisumu na fuo za Ziwa Victoria, ambako mtoto humjua ngege na omena kabla hajazijua herufi. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo kijana wa fuo hizi huachwa akauke nalo pasipo mkono wa mwalimu kumgusa. Jambo hilo ni uchaguzi. Hulisikia likitajwa tangu utotoni, hulilia au kulishangilia pamoja na wakubwa wake, lakini ni nadra aketishwe na kuelezwa namna kura inavyosafiri kutoka mkononi mwa mpigakura hadi kuwa tarakimu inayotangazwa kwa taifa zima.

Uchaguzi mkuu ujao nchini Kenya unatarajiwa kufanyika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti mwaka 2027. Vijana watakaotimiza umri wa kupiga kura baada ya uchaguzi wa mwaka 2022 walizaliwa, kwa kukadiria, kati ya mwaka 2004 na 2009. Wengi wao walikuwa wachanga, au hawajazaliwa kabisa, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Aidha, watapiga kura ya kwanza wakati ambapo jina lililotawala siasa za Nyanza kwa miongo mingi halimo tena kwenye karatasi. Katika chaguzi za urais za mfumo wa vyama vingi, kuanzia mwaka 1992 hadi 2022, ni ule wa mwaka 2002 pekee ambao haukuwa na mgombea wa ukoo wa Odinga: Jaramogi alisimama mwaka 1992, naye mwanawe Raila mwaka 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022. Raila Odinga alifariki tarehe 15 Oktoba 2025. Kijana aliyezoea kurithi kura kama arithivyo jina la babu yake sasa anatakiwa kuchagua mwenyewe.

Makala hii inashikilia kwamba elimu ya uchaguzi inayomfaa kijana huyu si ile ya kumhimiza tu ajitokeze kupiga kura, wala ya kumkaririsha vyeo na mihula. Anachohitaji zaidi ni kufundishwa kuhesabu: ajue kura inahesabiwa na nani, wapi, mbele ya nani, inaandikwa katika karatasi gani, na karatasi hiyo ikitiliwa shaka hupelekwa wapi. Aidha, inashikilia kwamba walimu na wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao katika kazi hii ambayo bado hawajaichukua.

Somo la barabarani

Kisumu haijawahi kukosa walimu wa siasa. Barabara hufundisha, redio hufundisha, matanga hufundisha, na steji ya bodaboda ni darasa lisilofungwa. Kutoka kwa walimu hao kijana hurithi masimulizi ambayo hayamo katika vitabu vingi vya shule. Huambiwa habari za tarehe 25 Oktoba 1969, siku Rais Jomo Kenyatta alipokuja kuifungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ambayo wenyeji huiita Russia hadi leo. Ubishi ulizuka hadharani kati yake na Jaramogi Oginga Odinga, umati ukapigwa risasi, watu 11 wakahesabiwa na serikali kuwa wamekufa, na wengi zaidi wakahesabiwa na masimulizi ya wenyeji. Siku chache baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini, na uchaguzi wa Desemba mwaka huo ukafanyika bila wao.

Masimulizi hayakomei hapo. Yapo ya Oktoba 2005, wiki chache kabla ya kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba, risasi zilipolia tena mjini na watu wakafa katika mvutano wa Chungwa na Ndizi. Yapo ya Januari 2008, Kondele ilipofuka moshi, na kamera ya televisheni ikanasa kijana akipigwa risasi mchana kweupe. Yapo ya Agosti 2017, ambayo kijana wa leo hakusimuliwa bali aliyaona kwa macho yake akiwa na umri wa miaka minane hadi kumi na mitatu: polisi wakiingia majumbani usiku, na mtoto mchanga wa miezi sita wa mtaa wa Nyalenda akifa kwa majeraha aliyoyapata ndani ya nyumba ya wazazi wake. Yapo pia ya tarehe 26 Oktoba mwaka huohuo, siku ambayo kura ya marudio haikufanyika katika kaunti nne za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori.

Hapana haki ya kumwambia kijana ayasahau haya. Ni historia yake, na makaburi yake yapo. Lakini masimulizi yakiwa ndiyo somo pekee, humfunza mambo mawili ya hatari. La kwanza, kwamba kura ni mali ya ukoo na kabila, hivyo haihitaji kufikiriwa. La pili, kwamba matokeo hutoka mahali pa mbali na pa giza, na kwamba raia hana la kufanya yanapomfikia ila kupiga vigelegele au kurusha jiwe. Mwanasiasa anayetafuta vijana wa kumfanyia fujo huwakuta tayari wamekwisha kuhitimu somo hilo la pili.

Somo la darasani

Je, shule imelijibu vipi somo la barabarani? Chini ya mfumo wa 8-4-4, uchaguzi uliwekwa katika somo la Historia na Serikali. Aghalabu mwanafunzi hutakiwa kutaja sifa za mgombea wa ubunge, majukumu ya tume ya uchaguzi na sababu za kufanya uchaguzi mdogo. Huzikariri hoja hizo, akazitapika mtihanini na kuzisahau wiki inayofuata. Mtaala wa umilisi uliofuata umeuweka uraia miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, na hilo ni la kusifiwa. Lakini neno "uraia" likibaki katika jedwali la mtaala bila zoezi la kulitia nyama, litakuwa na manufaa yaleyale ya orodha zilizotangulia.

Kasoro si kwamba yanayofundishwa ni ya uongo. Kasoro ni kwamba hayagusi swali ambalo kijana wa Kondele au wa Mbita hulala nalo na kuamka nalo: "Nitajuaje kwamba kura yangu ilihesabiwa?" Mwalimu anayeyafundisha majukumu ya tume bila kuligusa swali hili huonekana na wanafunzi wake kama mtu anayesimulia habari za nchi nyingine. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hodari, mwenye alama ya juu katika somo hilo, huweza kumaliza shule akiwa hajui Fomu 34A ni nini, ilhali fomu hiyo ndiyo iliyotikisa dola mwaka 2017.

Njia ya kura

Inafaa kuonyesha kwa ufupi jinsi somo lenyewe lingekuwa. Kituo kimoja cha kupigia kura nchini Kenya hakitakiwi kuwa na wapigakura waliosajiliwa zaidi ya 700. Idadi hiyo ni ndogo. Katika shule nyingi za upili ni idadi ya wanafunzi wanaokutana gwarideni kila Jumatatu. Mpigakura hutambuliwa kwa alama za vidole, hupewa karatasi sita zenye rangi tofauti kwa viti sita, kisha huziweka alama faraghani. Akikosea kabla ya kuitumbukiza karatasi sandukuni, huweza kuirudisha kwa afisa na kupewa nyingine, na hiyo ya kwanza huitwa kura iliyoharibika. Akiitumbukiza ikiwa na alama kwa wagombea wawili, au ikiwa tupu, itakuja kuwekwa kando wakati wa kuhesabu, nayo huitwa kura iliyokataliwa. Tofauti ya maneno haya mawili si ya wanasarufi pekee. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilitakiwa kuamua kama kura zilizokataliwa zinaingizwa katika hesabu ya asilimia za mgombea urais, ikaamua kwamba haziingizwi.

Kituo kikifungwa, kura huhesabiwa papo hapo, mbele ya mawakala wa wagombea. Karatasi huinuliwa moja moja na jina likatajwa kwa sauti. Jumla huandikwa katika fomu, mawakala hutia sahihi, kila mmoja hupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa mahali pa wazi kituoni. Kwa kiti cha urais, fomu hiyo ndiyo 34A. Fomu zote za 34A za eneobunge hujumlishwa katika Fomu 34B, na zile za 34B hujumlishwa katika Fomu 34C kitaifa. Mnamo Juni 2017, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho, na kwamba tume iliyoko Nairobi haina uwezo wa kuyabadilisha. Kwa maneno mengine, chanzo cha rais wa Kenya ni mlango wa darasa la shule ya msingi uliobandikwa karatasi jioni ya siku ya kura.

Yeyote anayeielewa njia hii huelewa pia kilichotokea tarehe 1 Septemba 2017. Majaji wanne dhidi ya wawili wa Mahakama ya Juu, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, waliubatilisha uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Uamuzi huo haukuletwa na mawe ya Kondele wala moshi wa matairi. Uliletwa na karatasi: matokeo yalikuwa yametangazwa kabla ya fomu zote za vituo kupokewa, baadhi ya fomu zilikosa alama za usalama, na tume haikuifungua mitambo yake ikaguliwe kama ilivyoamriwa. Nchini Malawi, Februari 2020, mahakama iliubatilisha uchaguzi wa mwaka uliotangulia, na miongoni mwa vielelezo vilivyotajwa ni fomu zilizopakwa wino mweupe wa kufutia makosa. Katika nchi zote mbili, mahakama ilisoma karatasi iliyojazwa kituoni, na penye karatasi hiyo palihitajika raia ajuaye kuisoma.

Mwaka 2022 tume iliziweka fomu za 34A za vituo 46,229 mtandaoni, na mtu mwenye simu aliweza kufanya hesabu yake mwenyewe. William Ruto alitangazwa kupata kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, na Raila Odinga kura 6,942,930, sawa na asilimia 48.85. Makamishna wanne wa tume waliyakana matokeo hayo, kesi ikafunguliwa, na tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ikayathibitisha. Wapo walioridhika na wapo wasioridhika hadi leo. La kuzingatiwa ni kwamba safari hii ubishi ulikuwa na mahali pa kushikwa: fomu fulani, kituo fulani, tarakimu fulani. Aliyejua kusoma fomu alibisha kwa hoja, na asiyejua alibaki kungoja atakaloambiwa na mkubwa wake.

Ikumbukwe pia yaliyotokea mwaka 1988. Katika kura za mchujo za KANU, kilichokuwa chama cha pekee, wapigakura waliamrishwa kupanga mlolongo nyuma ya wagombea au wawakilishi wao. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila ya kungoja kura ya siri. Lawama zilienea nchini kwamba milolongo mifupi ilitangazwa kuwa mirefu. Watu walijiona kwa macho yao kuwa wengi, kisha wakasikia wakitajwa kuwa wachache, na hawakuwa na la kuonyesha, kwa maana mlolongo ukishatawanyika hapana kinachobaki cha kuhesabiwa upya. Hilo ni funzo ambalo kijana anapaswa kulipata: kuona peke yake hakutoshi. Kinachomlinda mpigakura ni kuona kulikoandikwa.

Lugha ya kura

Msomaji anaweza kuuliza: haya yote yanamhusu vipi mtaalamu wa Kiswahili? Yanamhusu kwa sababu tatu.

Kwanza, msamiati wa uchaguzi umebeba dhana zinazohitaji kufafanuliwa. Neno "kura" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kete ya bahati: watu walipiga kura ili kumwachia Mungu au nasibu iamue. Dholuo nayo ina usemi uliojengwa vivyo hivyo, goyo ombulu, ambao hutumika kwa kupiga kura za bahati na kwa kupiga kura za uchaguzi pia. Basi katika lugha zote mbili ambazo kijana wa Kisumu huzisikia kila siku, tendo la kuchagua limevikwa vazi la bahati nasibu. Neno "uchaguzi" kwa upande wake limetokana na kuchagua, yaani kutenga kilicho bora na kuacha kilicho duni, kama afanyavyo mama muuza samaki ufuoni Dunga kila asubuhi. Mwalimu akiyaweka maneno haya mawili ubaoni na kuwataka wanafunzi wabishane ni lipi linalofaa zaidi, atakuwa ameanza somo la semantiki na la uraia kwa pigo moja.

Pili, lugha ya karatasi zenyewe ni Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Licha ya hivyo, fomu inayobandikwa mlangoni, ambayo kwa sheria ni ya kila mwananchi, imeandikwa kwa lugha ambayo wavuvi na wachuuzi wengi hawaimudu. Mjini Kisumu wanaishi Waluo, Waluhya, Wakisii, Wahindi, Wanubi na wengineo, na aghalabu afisa wa kituo na polisi wa mlangoni ni wageni. Kiswahili ndicho kinachoweza kuwakutanisha wakala, afisa, askari na mpigakura mbele ya karatasi moja. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1974 Kenya ilifanya mambo mawili: ilikiingiza Kiswahili bungeni, na ilishusha umri wa kupiga kura kutoka miaka 21 hadi 18. Lugha ya wengi na kura ya vijana zilipewa nafasi mwaka mmoja. Ingetarajiwa kwamba kufikia sasa zingekuwa zimezoeana.

Tatu, mwalimu wa Kiswahili tayari anavyo vifaa. Katika uandishi wa kiuamilifu hufundisha hotuba, kumbukumbu za mkutano, ripoti, tangazo, mjadala na barua rasmi. Uchaguzi mzima hujengwa kwa tanzu hizohizo: mgombea hutoa ilani na hotuba, msimamizi hutoa tangazo na ripoti, wakala huandika kumbukumbu, na asiyeridhika huandika malalamiko rasmi. Lakini darasani tanzu hizi huandikwa kuhusu mikutano isiyokuwapo ya vyama visivyokuwapo. Haitamgharimu mwalimu kitu kuziandikisha kuhusu uchaguzi wa kweli wa shule yake.

Uchaguzi wa shuleni na wa ufuoni

Neno hilo "wa kweli" ndilo kiini. Shule nyingi leo zina mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa, badala ya viranja walioteuliwa na walimu kama zamani. Hata hivyo, katika baadhi ya shule kura hupigwa mchana, masanduku yakabebwa hadi ofisini, na asubuhi yake majina yakasomwa gwarideni bila kutajwa hata tarakimu moja. Mwalimu hufanya hivyo kwa nia njema, pengine kwa kumwepusha aliyeshindwa na aibu au kumpitisha mwanafunzi mwenye nidhamu. Lakini mwanafunzi amefundishwa jambo siku hiyo. Amefundishwa kwamba kura ni sherehe, na uamuzi ni wa mwenye ofisi. Shule yenye wanafunzi 700 ni sawa na kituo kizima cha kupigia kura, nayo inaweza kufundisha uongo au ukweli kwa kiasi hichohicho.

Uchaguzi wa shule unaofundisha ukweli hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji sajili ya wapigakura iliyobandikwa wiki moja kabla ili kila mmoja alitafute jina lake. Unahitaji karatasi zilizohesabiwa kabla na baada ya kura, ili zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki zilingane na zilizotolewa. Unahitaji mawakala, kuhesabu kwa sauti, na fomu ya matokeo yenye sahihi inayobandikwa mlangoni kabla ya watu kutawanyika. Unahitaji pia jopo dogo la kusikiliza malalamiko kwa muda maalumu, kama ilivyo kitaifa, ambako kesi ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 na kuamuliwa ndani ya siku 14. Mwisho, unahitaji hotuba mbili: ya aliyeshinda na ya aliyeshindwa. Kushindwa kwa heshima ni stadi, na asiyeijifunza akiwa na miaka 15 ataililia akiwa na miaka 50.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na nyumbani, nao hauna Nairobi ndani yake. Tangu kanuni za mwaka 2007, fuo za Kenya zimekuwa na jumuiya za usimamizi wa fuo, zijulikanazo kwa herufi BMU. Wanachama wake, wakiwemo wenye mitumbwi, mabaharia wao na wachuuzi wa samaki, huchagua kamati inayosimamia mambo ya ufuo, ikiwemo rekodi za samaki na uvuvi haramu. Kijana wa Usenge au Dunga anaijua kamati hii kuliko aijuavyo Seneti. Anajua inapochaguliwa vibaya nyavu haramu hurudi ziwani, na karo yake hupungua pamoja na samaki. Mwalimu akiwatuma wanafunzi wawahoji wazee wa ufuo jinsi kamati ilivyochaguliwa, nani aliruhusiwa kupiga kura na hesabu iliandikwa wapi, watarejea na ripoti zenye uhai, na wataelewa kwamba uchaguzi si tamasha la kila baada ya miaka mitano, bali ni namna ya watu kugawana mamlaka juu ya kitu wanachokitegemea.

Pingamizi

Zipo pingamizi, na baadhi yake ni nzito. Walimu wengi huogopa. Katika eneo lenye msimamo mkali wa kisiasa, mwalimu anayetamka neno "uchaguzi" hushukiwa upesi kuwa ametumwa, ama na serikali ama na wapinzani. Hofu hiyo si ya kubezwa. Lakini somo la kuhesabu lina kinga ambayo mahubiri ya kisiasa hayana. Kumfundisha kijana kujaza na kusoma fomu ya matokeo hakumwambii amchague nani. Mwenye kulipinga somo hilo atalazimika kueleza kwa nini anaogopa watu wajue kuhesabu.

Pingamizi kubwa zaidi ni ile ya kijana mwenyewe. Husema: "Babu alipiga kura, baba akapiga, na mara zote waliibiwa. Nifundishwe ya nini?" Wapo pia waliojionea kwamba maandamano ya Juni 2024 yaliuzima Mswada wa Fedha kwa muda mfupi, jambo ambalo kura haikulifanya. Kati ya wapigakura zaidi ya milioni 22 waliosajiliwa mwaka 2022, vijana walikuwa karibu asilimia 40, na idadi yao ilikuwa imeshuka ikilinganishwa na ya mwaka 2017. Kijana huyu hajakosa akili. Amefikia hitimisho linalotokana na somo alilopewa.

Jibu lake haliwezi kuwa kumhakikishia kwamba kura haziibwi. Tume ya Jaji Kriegler iliyouchunguza uchaguzi wa mwaka 2007 ilisema katika ripoti yake ya mwaka 2008 kwamba rekodi zilikuwa zimevurugika kiasi kwamba haikuwezekana kumjua mshindi. Katika nchi ambayo watu zaidi ya 1,100 walikufa kwa sababu ya tarakimu zisizoweza kuthibitishwa, kumtaka kijana aamini tu ni kumtusi. Jibu ni kwamba asiyejua kura inavyohesabiwa hawezi kuuthibitisha wizi ukitokea, wala kuutambua uongo wa anayelia kwamba ameibiwa ilhali ameshindwa. Ataaminishwa mara zote mbili. Kuandamana ni haki yake pia kikatiba, lakini aandamanaye akiwa na nakala ya fomu mkononi ana hoja inayoweza kuendelea kuzungumza baada ya moshi kutoweka.

Hitimisho

Vyuo vikuu viwili vya umma, Maseno na kile cha Bondo kinachoitwa kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga, vimekaa katika eneo hilihili, na wanafunzi wa Kiswahili wanaosomea ualimu huenda kila mwaka katika shule za upili kwa mazoezi ya kufundisha. Mambo matatu yamo ndani ya uwezo wao. Wanaosoma tafsiri waifanye Fomu 34A kuwa zoezi lao, ili kuwe na tafsiri ya Kiswahili iliyo sahihi na inayoeleweka na mchuuzi wa Kibuye. Wanaosoma istilahi waandae faharasa fupi ya maneno ya uchaguzi, yenye kutofautisha kura iliyoharibika na iliyokataliwa, wakala na mwangalizi, kujumlisha na kutangaza. Nao waendao mazoezini wajitolee kusimamia, pamoja na walimu wenyeji, uchaguzi mmoja wa baraza la wanafunzi unaohesabiwa hadharani.

Ipo na sharti la nne, ambalo halihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili navyo huchagua viongozi. Chama kinachotaka kuwafundisha vijana wa Kisumu kuhesabu kura hakina budi kwanza kuhesabu zake mbele ya wanachama, kuziandika na kuzibandika mlangoni. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini si kwa mkono uliokwisha kukakamaa.